Herufi ya Mwisho

Chumba kilikuwa chini ya ngazi, Łódź, mwezi wa Februari,
bomba la joto likikohoa ukutani.
Kazi yangu ilikuwa kuhesabu sarafu,
kuzitia katika bahasha, kuzifunga,
na kutosema neno.

Mchezo wenyewe mwepesi: zloti ishirini.
Mmoja anagawa. Mwingine, asiyemwona, anakubali au anakataa.
Akikubali, kila mtu na fungu lake.
Akikataa, zote zinarudi kwangu, sandukuni.

Profesa Zdzisława alikuwa ameshaandika jibu ubaoni
kabla mtu wa kwanza hajavua koti.
Yule Mtu wa vitabuni, alisema, atapokea hata moja,
maana moja ni zaidi ya sifuri.
Miaka ishirini na miwili alimfundisha Mtu huyo:
hana njaa ya asubuhi, hana shemeji,
hajuti, hasahau, hajanunua kamwe viatu vinavyombana
kwa kuwa vimeshushwa bei.
Mimi nilimwogopa kidogo,
kama unavyomwogopa mgeni asiyekunywa hata maji.

Akaingia Ireneusz Pawlik,
fundi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani.
Bahasha yake: zloti tatu kati ya ishirini.
Akazitazama. Akavaa miwani, akazitazama tena.
Akatia alama penye NAKATAA.
Fomu yetu haikuwa na nafasi ya sababu,
basi akaandika pembeni, kwa penseli, herufi zimesimama wima:
Nilikuja kucheza. Sikuja kuombaomba.

Hadi saa kumi walikuwa wamefika kumi na saba wa namna hiyo.
Tatu, hapana.
Mbili, hapana, na karatasi imetobolewa kwa kalamu.
Kijana mmoja alitoa kumi kamili,
kisha akaninong'oneza: je, mama atajua?

Mwishoni mwa mlinganyo wa Profesa palikaa herufi ndogo,
imejikunja kama ndoana.
Tuliiita kosa.
Humo tulisukumia kila kisichoingia kwenye hesabu:
haya, ghadhabu, kumbukumbu ya bosi fulani wa mwaka fulani.
Usiku ule herufi ilikuwa imevimba
kama mguu wenye jongo,
na kiatu cha nadharia hakikuuingia.
Aliufuta ubao kwa mkono wa sweta.

Machi tukagawa vikombe, vyeupe, visivyo na lolote.
Aliyepewa alitaka mara mbili
ya bei ambayo asiyepewa angeitoa.
Dakika tano tu, na kikombe kimeshakuwa jamaa!
Profesa alicheka mpaka akavua miwani.
Aprili tukapima hofu:
kenda ya kushika iliishinda kumi ya nenda-uje,
tena na tena, kwa wasomi na kwa wapishi wa kantini.

Jumamosi moja akaniomba nimsaidie kushusha akodioni
ya marehemu baba yake, kutoka ghorofa ya nne.
Tangazo lilisema elfu moja na mia tano.
Mnunuzi alitoka Pabianice, akahesabu noti zake mlangoni,
zimetimia, hata hakubembeleza apunguziwe.
Profesa alikuwa bado ameshika mkanda.
"Elfu tatu," akasema.
Yule bwana akanitazama mimi. Mimi nikatazama theluji.
Tukaipandisha tena, ngazi sitini na nane,
ikitoa mlio kila tulipogeuka kwenye kona.
Hakutaja jina la jambo hilo,
ingawa alikuwa amelichapisha.

Sasa fomu mpya ina safu pana: SABABU.
Mistari sita, imenyooshwa kwa rula.
Nimezihesabu fomu mia mbili na tisa.
Nyingi, safu ile ni tupu, au pameandikwa sijui.
Lakini pembeni, kandokando, pale pasipo mstari,
watu wanaendelea kuandika kwa penseli,
na mimi nageuza karatasi, naisogeza taani,
nasoma.